Mpishi wa Mizani

Jumamosi ile Kabeya aliweka disketi mbili juu ya meza, akasema anataka wabadilishe namna ya kupika Mizani.

Walikuwa wanne katika lile darasa nyuma ya parokia, pale Kolwezi. Kabeya mwenyewe alikuwa karani wa kompyuta katika kampuni ya migodi. Mbayo alifundisha hesabu shule ya sekondari. Kalombo alikuwa fundi umeme wa kampuni, na Agnès muuguzi wa zahanati. Hakuna aliyewalipa. Tangu mgodi uporomoke na kampuni ianze kuyumba, kazi za mchana zilikuwa zimewapungukia wote, lakini hii ya Jumamosi ilibaki palepale. Walikuwa wameitengeneza Mizani kwa mikono yao, kwenye kompyuta kuukuu ambayo padri mmoja aliiomba kwa ajili ya misheni kabla hajarudi kwao. Muuguzi aliingiza siku ya mtoto kuzaliwa na uzito wake, na Mizani ikamwambia chanjo ipi imefika na mtoto yupi hajarudi. Zahanati za misheni ziliitumia kuanzia Tenke mpaka Musumba.

Programu ile ilikuwa ya vipande vingi. Kila kalenda ya chanjo ilipobadilika, ilibidi vipande vigeuzwe kuwa lugha ya mashine kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu wake, kisha viunganishwe na kutiwa kwenye disketi za zahanati. Ukikosea utaratibu, mashine haikulalamika. Ilikupa Mizani inayofanana kabisa na nyingine, ila mtoto huyu akapewa tarehe za mtoto yule. Kazi hiyo waliiita kupika, na mpishi alikuwa mmoja tu. Utaratibu wote ulikuwa kichwani mwa Kabeya.

"Juu ya nini kubadilisha?" Kalombo aliuliza. "Inapikwa, inaiva, batu banakula. Weye unataka kubomoa jiko."

"Sibomoe kitu. Mashini itajua yenyewe kipande gani kimebadilika, kipi kinatangulia. Utaandika neno moja, utangoja. Basi."

"Na siku itakataa, nani atajua inakataa juu ya nini? Leo ikikataa tunakuuliza weye."

"Njo hiyo mi sitaki, muniulize mi tu."

"Na mashini ya Musumba? Ile ya zamani sana. Jiko yako mupya itaingia mule?"

"Musumba hawatapika, watapokea. Lakini Tenke wanaweza kupika. Lubumbashi pia. Kila mutu mwenye mashini ya disketi mbili." Kabeya alizisogeza disketi zake mbele kidogo. "Na kalenda itatoka ndani ya programme, itakaa pembeni. Mama Agnès ataibadilisha mwenyewe, ataiandika kama barua, bila kumungoja mutu."

"Mi nataka hiyo," Agnès alisema. "Docteur amesema surua tuanze kuchanja kwa miezi sita, tusingoje tisa. Na Mizani bado inasema tisa. Tenke batoto banakufa."

Kalombo alinung'unika kwamba kitu kinachofanya kazi hakiguswi, na kwamba watu wa ofisini wanapenda kugusa. Alisema hivyo kwa mzaha, lakini macho yake hayakuwa ya mzaha. Nje, barabarani, vijana walikuwa wakipita wakiimba. Waliposogea karibu na ukuta wa parokia, maneno ya wimbo yalisikika vizuri, kwamba mgeni arudi kwao, na treni ipo. Agnès aliinuka akafunga dirisha. Kwa muda wote huo watatu hawakumtazama Kabeya, naye akawa anapangusa vumbi kwenye kibodi kwa kidole.

Ilikuwa Jumamosi mbili tangu vijana kama hao wamsimamishe kwenye kizuizi cha barabara ya Kapata, alikokaa, wakamuuliza jina la babu yake, wakamrudisha. Siku hiyo Mizani haikupikwa. Agnès alikaa darasani mpaka jioni na disketi tupu mapajani, na muuguzi wa Tenke aliyesafiri kuzifuata akarudi bila kitu. Kabeya alizaliwa Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Lakini kule Likasi watu wa Kasai walikuwa wamekwisha kuitwa wageni na kupakiwa kwenye treni, na kila mtu alijua kwamba zamu ya Kolwezi inakuja.

Padri aliwaachia desturi moja tu. Hakuna kitu kinachobadilishwa ndani ya Mizani mpaka wote wakubali. Mmoja akikataa, imekataliwa, na haulizwi sababu.

Wote walimgeukia Mbayo, aliyekuwa amebaki.

"Mi nakataa," Mbayo alisema. "Kwa leo. Tutaongea Jumamosi ijayo."

Alichukua kofia yake akatoka wa kwanza, na hiyo haikuwa kawaida yake.

* * *

Kapata ilikuwa mitaa ya nyumba za kampuni, zilizofanana kiasi kwamba mgeni aliweza kuingia kwa jirani akaketi kabla ya kugundua. Jumatatu asubuhi mama Mignonne, wa nyumba ya pili, alikuja kumsalimia Godelieve, mke wa Kabeya na mama wa Fifi. Alikuwa hajaja tangu Noeli. Godelieve alimpa kiti. Mama Mignonne hakukaa. Alikishika mgongoni, akakitikisa kuona kama miguu imekaza.

"Mama Fifi, ile kabati yenu, mutaipakia namna gani mu treni?"

"Hatujasema tunaenda."

"Ee, mi nauliza tu. Kule banasema kabati bananyanganya, banavunja kuni. Afazali iende kwa mutu anayekujua."

"Iko na bitu yetu ndani."

"Naona." Mama Mignonne alikuwa amefika kwenye pazia la mlango wa chumbani, akalipima kwa kiganja. "Hii haitaenea kwangu. Lakini kwa dirisha, labda."

Akaaga kwa heshima zote. Godelieve alibaki ameshika kile kiti, akakirudisha mahali pake, kisha akakitoa tena na kukiweka chumbani, mlango ukafungwa.

Haikupita saa, Fifi akaingia na mkoba wa shule. Alikuwa na miaka tisa. Alisema mwalimu amewaambia watoto fulani wachukue daftari zao zote warudi nyumbani mpaka kutulie. Aliwataja wale watoto kwa majina. Godelieve aliwajua wote na alijua wazazi wao walitoka wapi.

"Mama, bilulu binalumaka?"

Kulumaka ni kuuma, na bilulu ni wadudu. Ndilo jina vijana walilokuwa wamewapa watu wa Kasai, na lilikuwa limeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa kisima.

"Nani alikuuliza hivyo?"

"Hakuna. Mi nataka kujua."

"Nenda unawe mikono," Godelieve alisema.

Alasiri Mbayo alikuja, akijua Kabeya yuko ofisini. Alikataa kuingia ndani, akasimama uani karibu na kamba ya nguo kama mtu aliyepita tu. Mbayo alikuwa Muluba wa Katanga, wa upande wa Kabongo, hivyo hakuhesabiwa mgeni. Alikuwa amemsimamia Fifi ubatizo.

"Mama, mi niko na shemeji, Kabamba. Unamujua. Njo anaongoza vijana ba quartier, bale ba kizuizi."

"Namujua."

"Nilimuambia kuna mutu mumoja hawezi kuguswa. Nilimuambia batoto ba misheni yote, hata batoto ba ndugu zake kule Kapanga, banachanjwa juu ya mutu huyu. Kama hayuko, disketi haitoke. Alicheka, halafu akaniuliza, kweli hakuna mwengine? Nikamuambia, hakuna. Akasema, bon, huyo abaki na nyumba yake. Sasa tata Kabeya analeta pendekezo lake. Anataka hata Kalombo aweze kupika. Mama, Kalombo akiweza, mi nitamuambia Kabamba nini?"

Godelieve aliondoa shati moja kwenye kamba, ingawa lilikuwa bado bichi.

"Njo maana ulikataa."

"Njo maana. Na mbele ya bengine siwezi kusema. Agnès ataona aibu, Kalombo atapeleka maneno. Muambie weye. Akae kimya mwaka huu mumoja. Mizani imepikwa na kichwa yake miaka yote, itapikwa tena."

"Na Kabamba akibadili mawazo?"

"Huyu ni shemeji yangu," Mbayo alisema, kana kwamba hilo lilitosha. Kisha akatazama barabarani pande zote mbili kabla ya kutoka uani.

* * *

Kabeya alimsikiliza mkewe mpaka mwisho bila kuacha kula. Alipomaliza alinawa, akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mbayo hakatae kitu bila sababu. Nilijua iko sababu, na iko ya urafiki."

"Basi utaacha."

"Mama Fifi, sikiliza. Siku ile balinirudisha ku kizuizi, Mizani haikupikwa. Kama bananipeleka ku gare, mu treni, kesho, haitapikwa tena. Kabisa. Kitu chote tulifanya kitakufa mu kichwa yangu, na mi nitakuwa naenda nacho Mwene-Ditu, kule Kasai, kuuza mihogo."

"Hawatakupeleka. Njo nakuambia."

"Juu Kabamba amesema."

"Juu Kabamba amesema, ndiyo. Weye unataka aseme nani? Bishop?"

"Nataka asiseme mutu."

Godelieve alicheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri. Fifi alikuwa chumbani anajifanya amelala, kwa hiyo walisemezana kwa sauti ya chini, na sauti ya chini iliyafanya maneno yawe makali zaidi.

"Tata Fifi, mi nakuuliza kitu kimoja. Bale batoto ba Musumba, unawajua majina?"

"Hapana."

"Huyu wa mu chumba unamujua?"

Kabeya aligeuka akautazama mlango wa chumba.

"Mama Mignonne alikuja kupima pazia yangu. Pazia, na mi niko ndani. Mutoto wako banamurudisha na mukoba wake. Na weye umepata mulango mumoja, umefunguliwa na rafiki, unataka kuufunga na mikono yako. Batakuambia asante? Kalombo atakuambia asante?"

"Kalombo hatasema asante," Kabeya alikubali. "Lakini atapika."

"Na shi tutakula nini, kupika kwa Kalombo?"

Godelieve alizima taa ya jikoni, akaenda kulala. Kabeya alikaa gizani sebuleni, na kila alipofikiri amepata jibu alisimama akaenda mpaka mlango wa chumba, akarudi. Hofu aliijua. Alikuwa na hofu tangu Likasi. Lakini ilikuwapo nyingine ambayo hakuweza kumwambia mkewe. Aliogopa kuwa mtu ambaye anaachwa hai kwa sababu ameficha kitu ambacho wengine wangeweza kukijua. Kila Jumamosi angepika huku akiomba asitokee wa kujifunza. Na mwanafunzi akitokea, angempotosha kidogo tu, asifike. Alijiona akifanya hivyo. Alijiona akifanya vizuri sana.

* * *

Ijumaa, Kabeya alipokwenda kutafuta maji, Godelieve alizitoa disketi mbili kwenye mkoba wake. Hakutaka kuziharibu. Alitaka tu Jumamosi ipite bila pendekezo, na Jumamosi nyingine baada yake, mpaka mambo yatulie. Tangu askari walipopora mji, kila nyumba ya Kapata ilikuwa na maficho yake. Yao yalikuwa ndani ya redio kubwa ya zamani iliyokwisha kufa, nyuma ya kibao, palipo na spika. Humo walikuwa wameficha pete za ndoa na cheti cha ubatizo, na hakuna aliyewahi kugundua. Alizisukuma disketi mle, zikashikana na kile chuma cha mviringo cha spika, akarudisha kibao.

Jumamosi asubuhi Kabeya alitafuta kwenye mkoba, chini ya kitanda, juu ya kabati. Hakuuliza. Alimtazama mkewe mara moja, akavaa viatu, akachukua mkoba mtupu.

"Unaenda na nini?" Godelieve aliuliza.

"Naenda na hivi nilivyo."

Kama Kabeya angegomba, Godelieve angezinyamazia disketi. Lakini mumewe alikuwa anafunga kamba za viatu polepole kama mzee, na kamba moja ilimshinda mara mbili. Godelieve alikwenda kwenye redio akafungua kibao.

"Chukua," alisema. "Na mi naenda. Na mutoto. Ku kizuizi hawarudishi sana mutu iko na bibi na mutoto."

Kizuizini walirudishwa nyuma hatua chache, wakachekwa, wakaachwa wapite. Kijana mmoja alimwambia Godelieve kwamba viatu vyake ni vizuri, avitunze, kwenye treni watu wanakanyagana. Alimjibu asante. Alitembea na neno lile la asante njia nzima.

* * *

Kompyuta ilikwaruza, ikanyamaza, ikaandika kwamba haiwezi kusoma. Kabeya alitoa disketi ya kwanza akatia ya pili. Ikakwaruza vilevile.

Godelieve alikuwa kwenye benchi la nyuma na Fifi. Kabeya alimgeukia.

"Mama Fifi, uliziweka wapi?"

"Mu redio."

"Wapi mu redio?"

"Nyuma. Ku ile chuma."

Kalombo, ambaye maisha yake yote yalikuwa nyaya na sumaku, alijipiga paja. "Mu spika? Mama, umezipangusa. Ile sumaku imelamba yote. Haikubakisha hata herufi."

Godelieve hakuwa ameelewa bado. Alipoelewa, alikaa wima na kuushika mkono wa Fifi. Alikuwa ametaka kuchelewesha kidogo, na sasa ilionekana amepata zaidi ya alichotaka. Alingoja aone kama moyo wake utafurahi. Haukufurahi.

"Basi imekwisha," Mbayo alisema haraka. "Pendekezo haliko tena. Tata Kabeya, pika kalenda ya surua namna ya zamani, tugawe, twende nyumbani."

"Ngoja kidogo," Kalombo alisema. Alikuwa amechukua moja ya disketi, anaigeuzageuza. "Redio ya kufa imekula kazi ya... ya muda gani, tata?"

"Tangu mvua zianze."

"Na kwengine haiko?"

"Mu kichwa."

"Mu kichwa." Kalombo aliirudisha disketi mezani. Alikuwa mtu wa kubishana, lakini hakuwa mtu wa kukataa alichokiona. "Na kichwa nayo, jiwe moja ku kizuizi. Mi nilisema jiko lisiguswe. Sasa naona hakuna jiko, kuna huyu mutu tu. Mi nakubali. Aseme, tuandike upya, tuandike wote."

"Mi nilikubali zamani," Agnès alisema.

"Mi bado nakataa," Mbayo alisema.

Kalombo alitaka kumuuliza sababu, akakumbuka desturi, akafumba mdomo. Kabeya ndiye aliyezungumza.

"Mbayo, ndugu yangu. Toa mukono wako juu ya mambo hii."

"Sitoe."

"Najua unanifanyia nini. Bibi yangu aliniambia. Toa."

Kalombo na Agnès walitazamana. Mbayo aliona kwamba siri haiko tena, akawaambia yote kwa maneno machache makavu, na jina la Kabamba pia. Agnès alishika mdomo. Kalombo alitazama sakafu, kwa sababu Jumamosi iliyopita alikuwa amemwambia Kabeya kwamba watu wa ofisini wanapenda kugusa.

"Basi mi narudisha ile ndiyo yangu," Agnès alisema taratibu. "Tutamungoja tata Kabeya, kila mara akiweza kufika. Tenke watangoja."

"Tenke hawangoje," Kabeya alisema. "Ulisema mwenyewe."

Hakuna aliyejua aende mbele au nyuma. Mbayo alizunguka chumba mara mbili, kisha akasimama mbele ya benchi la nyuma. Alichosema alikisema kwa upole, na hakikuwa kitu cha upole.

"Mama, huyu ni bwana yako, na nyumba ni yako. Mi naweka neno yangu mu mukono yako. Ukisema nikatae, nakataa mpaka mwisho wa dunia. Ukisema nikubali, nakubali. Sema weye."

Godelieve hakuwahi kusikia mtu akimpa kitu kizito namna ile na kukiita heshima. Kabeya alikuwa amegeuka ukutani. Hakutaka uso wake umsukume upande wowote, na mkewe alilijua hilo, likamkasirisha zaidi.

"Mwalimu," alisema, "nikuulize. Kabamba akikukasirikia weye mwenyewe, kesho, tutaenda kumuomba nani?"

Mbayo alifungua mdomo.

"Juu ya dada yako, labda. Juu ya kitu kidogo, pombe, shamba. Akikukasirikia, tutakuwa wapi?"

"Hawezi..."

"Anaweza?"

Mbayo hakuwa mwongo. Alisimama pale na kofia mkononi. "Anaweza," alisema.

"Basi mulango ule hauko mulango. Iko mutu amesimama, akichoka ataondoka." Godelieve alipangusa uso wa Fifi, ambao haukuwa na kitu. "Mi nilitaka kweli. Nilitaka sana, usifikiri sikutaka. Mufundishwe. Lakini mufanye leo, moto ya umeme haijakatika. Na nani atanipa maji ya mutoto?"

Agnès alikwenda kuleta maji. Kabeya alisimama nyuma ya kiti akaanza kutaja vipande, Kalombo akaviandika, Mbayo akavisoma kwa sauti ili kuhakikisha. Kabeya aliposahau, Kalombo alimuuliza kipande hiki kinategemea kipi, na kwa kuulizwa hivyo akakumbuka. Kwa mara ya kwanza utaratibu ule ulitoka kichwani mwa mtu mmoja, ukasimama kwenye kioo mbele ya watu wanne. Ulikuwa mfupi kuliko walivyofikiri. Umeme ulikatika wakiwa karibu kumaliza, ukarudi, na walichokuwa wamekihifadhi kilikuwapo.

Kalombo aliandika neno moja, akabonyeza, wakangoja. Mizani ikaiva. Agnès aliingiza mtoto wa kubuni wa miezi sita, na mashine ikajibu kwamba chanjo yake ya surua imefika.

"Jina lake nani, huyo mutoto?" Fifi aliuliza.

"Hana jina," Agnès alisema. "Ni wa kujaribu."

* * *

Jumamosi iliyofuata Kabamba alikuja mwenyewe. Alikuwa kijana wa sura nzuri, na aligonga mlango kabla ya kuingia. Wawili waliofuatana naye walibaki nje na fimbo. Alimsalimia shemeji yake, akamsalimia mama Agnès, akaomba aone hiyo mashine ambayo watu wanamsumbua kwa ajili yake kila siku.

Muuguzi wa Tenke alikuwa dirishani anasubiri disketi. Kabeya alikuwa kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani. Tangu asubuhi hakuwa ameulizwa kitu. Kwenye kiti alikaa Kalombo. Alikuwa amegundua kosa katika utaratibu, kipande kimoja kilichopikwa mara mbili bila sababu, na alikuwa amekirekebisha peke yake, na sasa alikuwa anapika tena kuona imekuwa haraka kiasi gani. Alikuwa na furaha. Shingo yake yote ilikuwa ya mtu mwenye furaha.

"Nani anapika leo?" Kabamba aliuliza.

Mbayo alivuta pumzi. Alikuwa amejiandalia jibu wiki nzima, jibu la mzunguko, lisilo uongo kamili. Agnès alianza kukohoa.

"Mi," Kalombo alisema, bila kugeuka kutoka kwenye kioo.

Kisha aligeuka. Alimwona Kabamba, kisha akamwona Mbayo, na mikono yake ikatoka kwenye kibodi kama imeungua.

"Bon," Kabamba alisema. Hakuwa na hasira. Alimwinamia Kabeya kidogo, kama mtu anayeaga mwenye nyumba. "Tata, ni leo ao kesho. Kesho ni afazali, mutapata nafasi ya kufunga bitu."

* * *

Kwenye gare walikaa mpaka hawakujali tena treni inakuja lini. Watu walikuwa wamejenga vibanda vya maturubai na mabati kando ya reli, na kati ya vibanda watoto walikohoa. Mbayo alikuja mara nyingi, akaleta unga, akakaa nao. Agnès alikuja na sanduku la barafu na muuguzi mwingine, akachanja kuanzia kibanda cha kwanza. Kalombo hakuja.

Treni ilipofika ilikuwa ya mabehewa ya mizigo. Kabeya aliwapandisha, Fifi kwanza, kisha mizigo, kisha Godelieve, ambaye kabati lake lilikuwa limebaki Kapata na pazia lake pia. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya watu waliosimama muda mrefu. Walipata kona. Godelieve alikaa juu ya furushi, Kabeya akabaki amesimama, mkono umeshika ubao wa juu.

Behewa lilitikisika, likasimama tena. Mtu fulani alianza sala, akaacha.

"Yule Kalombo," Godelieve alisema. "Siku ile ya mwisho. Alipika muzuri?"

Kabeya alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa ilikuwa kazi na alitaka kuwa sahihi.

"Alipika muzuri. Alipika haraka kuliko mi."

Godelieve aliinuka, akalivuta furushi upande, akalitandaza mpaka likawa la kutosha watu wawili. Akamshika mumewe kwenye kiwiko, akamkalisha.